Mkanda Usiokatika

Asubuhi hiyo Mama Chiriku aliuacha mkasi wake mezani, na majirani wangekuapia kwamba mwanamke huyo hakuuacha mkasi hata siku aliyokwenda kujifungua. Ulikuwa mkasi mdogo wa kukatia nyuzi, ukining'inia shingoni kwa utepe mwaka hadi mwaka mpaka ukamchora alama kifuani. Lakini vijana wa kamati walikuwa wamepita nyumba kwa nyumba, na neno lao lilikuwa moja: anayekwenda kuomba amani habebi chuma. Si kisu, si mkasi, si hata kopo la maji. Tusiwape askari sababu.

"Hata bizimu za mikanda?" alikuwa ameuliza.

"Kama ni ya chuma, mama, iache."

Basi akaiacha. Yeye alikuwa fundi wa mabegi ya shule, fundi hasa, wa kuletewa turubai lililowashinda wengine. Alikuwa amekata vipande viwili virefu vya mkanda wa begi, ule mgumu wa nailoni, ili amfunge binti yake katikati, mkono mmoja kwa baba, mkono mmoja kwa mama. Mtoto mwenyewe alikuwa na miaka tisa, akiitwa Chiriku kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika, na miguu yake ilikuwa imeufuata mdomo. Kwenye mazishi ya wanafunzi wenzake alipotea nusu siku nzima; alikutwa makaburini kwingine kabisa, akiwapa pole wafiwa asiowajua. Mama yake hakutaka kuyaona tena yale. Na kwa kuwa bizimu zilikatazwa, akachukua sindano nene na uzi wa nta, akaishona mikanda papo hapo, ncha zake zikizungushwa mikononi kama vikuku.

"Mama, unabana! Damu itagoma kupita, nitakufa, mtanizika na mkanda, malaika wataniuliza hili begi la nani!"

"Waambie la mama yako. Tulia nisikuchome."

Mumewe alikuwa ametoka kazini alfajiri, mwokaji wa mikate, unga bado umemkaa masikioni. Alinyoosha mkono wake ushonwe huku akicheka. "Mke wangu, ile ndoa uliyonifunga haikutosha?"

"Ile ilikuwa ya majaribio. Vuta."

Akavuta.

"Vuta kama umeshiba."

Akavuta kwa nguvu zote. Mkanda haukutoa hata sauti. Mama Chiriku akakata uzi kwa meno, akasema neno alilowaambia wateja wake wote: "Ukifumuka, nirudishieni."

Bibi, mama mzaa baba, alikuwa mlangoni amevaa nguo yake nyeupe kama wengine wote, fimbo mkononi. Mkwewe alipomgeukia na sindano, Bibi akainua fimbo kama mtu anayefukuza kuku.

"Mimi usinisogelee. Kinachofungwa ni mbuzi na mzigo. Mimi mbuzi?"

"Hapana, mama."

"Mzigo?"

Mwanawe akajibu haraka, "Mama, twende tu, watu wanatungoja."

*

Walikuwa wengi kuliko walivyotarajia wenyewe. Wiki zile vijana wa mtaa wa juu na wa mtaa wa chini walikuwa wakiuana, kwanza kwa mapanga, kisha kwa bunduki ambazo hakuna aliyejua zinatoka wapi, ingawa kila mtu alijua. Risasi zilikuwa zimetoboa bati la darasa na kuua wanafunzi. Sasa mama wa juu na mama wa chini walitembea bega kwa bega barabara kuu, waliofiwa mbele, bila kibao wala bango, kitambaa cheupe tu mkononi. Waliimba, na waliposahau maneno walipiga makofi.

Chiriku alikuwa amejaa furaha. Aliwasalimia watu kulia na kushoto akiinua mikono yote miwili, na kila alipoinua, wazazi wake nao waliinua, kama wanasesere.

"Baba, wale kule wamevaa kofia za pikipiki. Nao wanaandamana?"

Baba yake akatazama mbele. Askari walikuwa wamesimama safu mbili kuvuka barabara, ngao chini, vioo vya kofia vimeshushwa usoni.

"Wale wanatusindikiza," akasema, lakini akapunguza mwendo.

Kipaza sauti kikakohoa juu ya gari. "Kibali cha maandamano haya kimefutwa. Tawanyikeni."

Mzee mmoja aliyezika wajukuu wawili akatoka mbele, kofia mkononi, akauliza kwa adabu kamili, "Kimefutwa lini, mwanangu?"

"Sasa hivi."

Watu wengine wakacheka. Ilikuwa kosa kucheka. Moshi wa machozi ulitua katikati yao kabla kicheko hakijakwisha, na waandamanaji wakaachana na kuanza kukimbia.

Ukiwaona watu mia kadhaa wakigeuka kwa mpigo mmoja, huoni tena watu, unaona maji. Maji yale yalimbeba Bibi pembeni na kumwacha ukutani, amesimama na fimbo yake, mzima. Hao watatu hayakuweza kuwabeba. Mmoja alipovutwa huku, mwingine alizuia kule. Mwokaji hakujaribu hata kukimbia. Alibaki amemfunika binti yake kwa mgongo. Rungu la kwanza likampata begani, la pili likampigisha magoti. Askari wawili wakamkamata mguu na ukosi, wakaanza kumburuta kuelekea kwenye karandinga, na mkanda ukakaza, na Chiriku akaburutwa nyuma yake, na mama yake nyuma ya Chiriku, kama samaki waliotungwa.

Askari wa tatu akaja mbio. Sauti yake nyuma ya kioo ilikuwa changa. "Wewe mtoto, mwachie!"

"Tumeshonwa!" Mama Chiriku alipiga kelele. "Mwanangu, tumeshonwa, hakuna anayeshika!"

"Mwachie nimesema!"

Akaupiga mkanda kwa rungu. Ulikuwa umekaza kati ya mtoto na baba, na ulilirudisha rungu juu kana kwamba unamtania. Akaupiga tena. Sasa alikuwa amekasirika, na hasira zake zilikuwa juu ya mkanda, si juu ya mtu. Hakuwa akimtazama mtu yeyote. Pigo la tatu lilikosa mkanda likatua juu ya kikuku. Mama Chiriku aliusikia mlio. Ulikuwa mdogo, mkavu, kama sindano inapovunjikia ndani ya turubai, na mikono yake, kwa mazoea tu, ikaacha kuvuta.

Chiriku hakulia. Aliutazama mkono wake wa kushoto ulivyokaa vibaya, mdomo wazi.

Ndipo askari mmoja wa makamo alipokuja akitembea, hana haraka. Akatoa mfukoni kisu kidogo cha kukunja, akakifungua kwa ukucha, akakata huku, akakata kule. "Mnahangaika na nini?" akamwambia mwenzake. "Si mnakata tu."

*

Hospitalini, ambako Mama Chiriku na Bibi walimfikisha mtoto, mwanamke wa dirishani hakuinua macho. "Karatasi ya polisi iko wapi?"

"Polisi ndio waliomvunja."

"Sijauliza hilo, dada. Jeraha la fujo halishikwi bila karatasi ya polisi. Si mimi, ni utaratibu."

"Mkono unavimba. Tazama, kikuku kinazama."

Mwanamke akatazama kweli, na kwa kitambo uso wake ukalegea. Kisha akageuza macho. "Naona."

"Basi niazime mkasi tu. Nikikate hiki kikuku, halafu nitaifuata hiyo karatasi."

"Mikasi ni ya wagonjwa."

"Huyu si mgonjwa?"

"Akishapata karatasi atakuwa mgonjwa."

Bibi akamvuta mkwewe kando. "Nenda. Nenda kwa hao hao, kwani kuna wengine? Mimi nitakaa naye." Akajikalisha sakafuni kwa kuugulia magoti, akaupakata mkono wa mjukuu wake kama anayepakata kifaranga, akakiinamia kikuku na kuanza kutafuna mshono kwa meno yake machache.

"Bibi, unanitemea mate," Chiriku alinong'ona.

"Nyamaza. Mama yako huyu, nani alimtuma ajue kazi namna hii!"

*

Kituoni walikuwa wamepiga deki. "Viatu nje, mama," askari wa mlangoni alimwambia, na Mama Chiriku akaingia pekupeku juu ya sakafu yenye maji, akasimama mbele ya meza ya mkuu wa zamu. Kiti kilikuwepo, kimekaliwa na chupa ya chai.

Mkuu wa zamu alikuwa na sauti ya upole, sauti ya mtu anayekuulizia habari za nyumbani. "Pole sana. Mtoto kaumizwa na nani?"

"Na askari."

"Yupi?"

"Alikuwa amefunika uso."

"Kumbe hukumwona." Kalamu yake ilibaki hewani. "Sasa niandike ameumizwa na mtu asiyeonekana? Hospitali watanicheka. Tuandike tunayoyajua mimi na wewe. Mtoto alikuwa amefungwa mkanda?"

"Ndiyo, afande."

"Upande wa pili wa mkanda alikuwepo nani?"

"Baba yake."

"Mkanda ulikaza?"

"Walikuwa wanamburuta baba yake, ndipo..."

"Mama. Nimeuliza ulikaza?"

"Ulikaza."

"Unaona? Tunaelewana. Baba alimvuta mtoto mpaka mkono ukavunjika. Sijatia chumvi."

Mama Chiriku alihisi maji ya sakafuni yakimpanda miguuni kama baridi ya homa. "Mkanda niliushona mimi. Mume wangu hajui hata kutunga uzi. Kama ni kosa, niandike mimi."

"Nikuandike wewe, nikuweke ndani, mtoto atapelekwa na nani kwa daktari? Mimi pia mzazi." Akajimiminia chai. "Na kuna jambo lingine, nikwambie kama kaka. Watu wanaojifunga mikanda barabarani wamepanga. Hiyo ni mbinu. Nikiliandika hilo, mnakwenda wote, hata bibi kama yupo. Lakini baba mwenye hasira aliyemvuta mwanawe, hiyo ni kesi ya nyumbani. Inapita. Mchelea mwana kulia, hulia yeye. Leo alie baba kidogo, mtoto apone."

"Na nikikataa?"

"Sikulazimishi. Utangoja zamu ijayo. Labda atakuja mwenye moyo kuliko mimi."

Akamwashiria askari, na mwokaji akaletwa kutoka nyuma. Walikuwa wamemvua mkanda wa suruali na viatu. Alikuwa ameishika suruali kiunoni kwa mkono mmoja, na mkono mwingine, wenye kikuku cha nailoni bado, ulining'inia kwa sababu bega lilikuwa limeteguka. Unga wa masikioni ulikuwa umegeuka tope la damu. Alipomwona mkewe alijaribu kusimama vizuri, suruali ikamponyoka, akaidaka. Askari wa mlangoni akacheka.

"Vidole vinacheza?" aliuliza mume, hata salamu hakutoa.

"Viwili havichezi. Vimeanza kuwa vyeusi."

Mkuu wa zamu akamweleza jambo lenyewe, kwa upole ule ule, na mwokaji akasikiliza mpaka mwisho kama mtu anayepewa maelekezo ya njia.

"Niandike basi," akasema. "Nilimvuta mimi."

"Mtuhumiwa hajishtaki mwenyewe. Anayelalamika ni mama. Aseme yeye, kwa mdomo wake, nisije nikasingiziwa kwamba nilimlazimisha mtu."

Mama Chiriku akautazama muhuri uliokuwa mezani.

"Mbona unakawia?" mumewe akamwambia. "Sema."

"Nisemeje mimi?"

"Kama unavyonisema siku nikileta mkate ulioungua. Kwa sauti, jirani wasikie."

Alikuwa akijaribu kutabasamu. Jino moja la mbele halikuwepo tena. Mama Chiriku akaiangalia ile nafasi ya jino, akaiongelesha nafasi ile, kwa sababu macho hakuyaweza.

"Mume wangu alimvuta mtoto."

"Kwa makusudi?" mkuu wa zamu akauliza, anaandika.

Akamtazama mumewe. Mumewe akainamisha kichwa kidogo, ndiyo.

"Kwa makusudi."

"Alikuwa na hasira?"

"Alikuwa na hasira."

"Ana kawaida hiyo?"

Hapo mwokaji akageukia ukuta.

"Ana kawaida hiyo," akasema mkewe.

Muhuri ukagongwa. Mkuu wa zamu akaupuliza wino ukauke, akamkabidhi karatasi kwa mikono miwili. "Mungu amponye. Usisahau viatu vyako."

Viatu havikuwepo. Hakuuliza.

*

Alipofika hospitalini miguu imechanika, Bibi alikuwa amefanikiwa kufungua nusu ya mshono, na mdomo wake ulikuwa na damu, ya kwake.

"Wamekupa?"

"Wamenipa."

"Umewapa nini?"

Mama Chiriku akamweleza, hapo hapo sakafuni, kwa sauti ya chini, neno kwa neno. Hakupunguza. Alidhani mtoto amelala. Bibi alisikiliza huku akimtazama machoni, na alipomaliza, kikongwe alitema kipande cha uzi kiganjani.

"Kazae mtoto umlee," akasema, "halafu aje binti wa watu amuuze kwa karatasi." Kisha akaongeza: "Ipeleke dirishani. Mimi na wewe tuna maneno yetu, lakini si leo."

Daktari alikuwa mwanamke kijana, macho mekundu kwa kuchoka, mikono myepesi. Alikikata kikuku kwa mkasi wake, mara moja, na Mama Chiriku akageuza uso kando kwa mlio wa mkasi ule. Chini ya kikuku nyama ilikuwa imechorwa mistari mitatu ya mshono, iliyonyooka. Daktari akasoma karatasi, akaugeuza mkono taratibu kwenye mwanga, akaisoma karatasi tena. Uso wake ukabadilika.

"Hapa wameandika alivutwa."

"Ndiyo, daktari."

"Huu si mkono wa kuvutwa. Huu umepigwa, na kitu cha mviringo, kigumu. Mfupa umepondeka." Akawatazama mmoja baada ya mwingine. "Siwezi kutia saini maelezo yasiyolingana na jeraha. Itabidi mrudi kituoni, karatasi irekebishwe."

"Daktari, vidole..."

"Naviona vidole, mama. Sina muda wa kupoteza, ndiyo maana nawaomba mniambie ukweli. Nimechoka kuletewa watoto wenye hadithi za kuanguka ngazi." Akainama mpaka uso wake ukawa sawa na wa mtoto. Sauti yake ikawa laini. "Mdogo wangu, usiogope. Hayupo hapa. Niambie wewe mwenyewe. Nani alikufanya hivi?"

Chiriku alimtazama mama yake. Kisha akamtazama bibi yake. Tangu barabarani alikuwa hajasema maneno kumi.

"Baba," akasema.

"Alikuvuta?"

"Alinivuta. Nilipokataa, akanipiga."

"Na nini?"

Mtoto akafikiri. Mama yake aliona akifikiri, aliona macho yale yakizunguka jikoni mwao yakitafuta kitu cha mviringo, kigumu.

"Na mti wa kusukumia mkate. Baba anaoka mikate. Ana mti mkubwa, mzito, hunifukuza nao. Alinipiga mara tatu. Mbili alikosa."

Maneno yalianza kutiririka kama zamani, mdomo ule ule, na kila neno lilikuwa na mguu na mkono wake. Daktari aliandika. Alipofika mwisho wa ukurasa, kalamu ilikuwa karibu kuchana karatasi.

"Mwanaume mzima!" akasema, akasonya. Akamgeukia Bibi. "Na wewe, bibi, ulikuwepo? Wewe ni nani kwao?"

Bibi akaegemea fimbo, akainuka. Ilimchukua muda. Mama Chiriku alishika ukingo wa kitanda, akangoja.

"Mimi ndiye niliyemzaa," kikongwe akasema. "Tangu mdogo, daktari. Tangu mdogo alikuwa na mkono mzito."

Daktari akamshika bega, kwa heshima. "Wangekuwepo wazazi kumi kama wewe, bibi, tusingeona haya." Akatia saini, akagonga muhuri wake chini ya ule wa polisi, akamwita muuguzi alete dawa ya ganzi. Alikuwa tayari ameuosha mkono mara ya kwanza alipokumbuka jambo, akamgeukia Mama Chiriku akitabasamu kidogo, mtu mwema aliyechoka anayetaka kumwacha mwenzake na faraja.

"Maelezo haya nitayatuma kituoni mimi mwenyewe. Kwa rungu lake hilo la mikate, huyu hatoki leo wala kesho. Atafungwa miaka. Laleni usingizi, mmesikia?"

"Tumesikia," akasema Mama Chiriku. "Asante, daktari."